Karatasi ya Pili

Dalali wa mahakama hakuja na kelele. Watu humtarajia mtu wa kazi hiyo awe na kitambi na sauti ya kufokea mbuzi, lakini huyu alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi, na alipiga hodi mara tatu akasubiri aitikiwe. Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani yake ya miguu karibu na dirisha, shati la shule likiwa nusu chini ya sindano. Akasema karibu bila kuinua macho, maana alidhani ni mteja. Balaa nyingine tunazikaribisha wenyewe, tena kwa adabu.

"Samahani mama, hapa ndipo kwa fundi wa sare?"

"Ndipo. Lakini kama umeleta kazi, sipokei mpaka mwezi ujao. Nina mashati sitini ya shule hapa."

"Sikuja kushonesha." Alifungua mkoba, akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. "Hii ni hukumu. Mzee wa Vitambaa alikushtaki kwa deni, na mahakama imempa haki yake. Una siku saba za kulipa laki saba na elfu themanini. Zikipita, nitakuja na gari kukamata mali."

Mguu wa Fundi ukasimama juu ya kanyagio.

"Hukumu ya kesi gani? Mimi sijasimama mbele ya hakimu tangu nizaliwe."

"Ndiyo maana ukashindwa. Uliitwa hukuja. Kesi ikasikilizwa upande mmoja."

"Mzee mwenyewe aliniambia nisiende."

"Mama, mimi sihukumu. Mimi nabeba tu." Alilisema neno hilo bila ubaya, kama mtu aliyekwisha kulisema kwenye milango mingi. "Saini hapa kwamba umepokea. Na usome karatasi zote mbili, usije ukasema hukuambiwa."

Mumewe alitoka chumba cha ndani, fimbo mkononi, akiuburuta ule mguu uliovunjwa na magunia ghalani miaka miwili iliyopita. Ni mguu huo uliowapeleka kwa Mzee wa Vitambaa kukopa pesa za kuupasua. Akaisoma ile tarakimu, akaisoma tena.

"Tulikopa laki tano," alisema. "Tukarudisha mbili. Hata mtoto wa darasa la pili atakwambia zimebaki tatu."

Mtoto wa darasa la pili hajui riba. Hajui pia ada ya wakili, wala gharama za kesi, wala malipo ya dalali mwenyewe, maana mdaiwa hata kamba ya kufungia mizigo yake huilipia yeye. Dalali aliwaeleza yote hayo kwa upole, akaaga, akaenda zake.

Fundi aliisoma karatasi ya kwanza mara tatu. Ya pili ilikuwa na herufi ndogo zilizobanana, inaanza na "Kwa mujibu wa kifungu," na baada ya mstari mmoja na nusu akachoka. Alishajua kwamba ameshindwa, na kushindwa hakuhitaji kurasa mbili.

Mchana ujumbe ukaja kutoka shuleni: mwalimu mkuu amebadili mawazo, kola anazitaka zenye ncha, si za mviringo. Alihitaji kigezo kipya, ile karatasi fundi anayoilaza juu ya kitambaa ili kola zote zikatwe sawa. Karatasi ya gazeti huchanika baada ya kola tatu. Akatazama huku na huku, jicho likatua kwenye ile hukumu. Ukurasa wa pili ulikuwa mgumu, mzito, mweupe upande wa nyuma, karatasi ambayo hajawahi kuwa na pesa ya kuinunua. Aling'oa pini kwa meno, akachora kwa penseli, akakata. Fundi akishika mkasi haoni karatasi tena, anaona kola. Ukurasa wa kwanza, wenye muhuri, aliukunja vizuri akauweka chini ya nguo za watoto.

*

Kesho yake aliyaacha mashati akaenda dukani kwa Mzee wa Vitambaa. Mzee alikuwa nyuma ya kaunta na mita yake ya mbao, majora yamepangwa mpaka darini. Alimpungia mkono kwa furaha kabisa, kama mtu ambaye hajamshtaki mtu.

"Karibu binti yangu. Kaa hapo kwanza, nimalizane na wateja."

Alikaa kwenye benchi dogo karibu na mlango. Wateja walikuja wakaenda, wengine wakaja. Mama mmoja alinunua kitambaa cha meza, akauliza ni nani wa kumpindia ncha. "Fundi si huyo hapo," Mzee akasema. Fundi akaichomoa sindano aliyozoea kuichomeka kifuani, akapinda pande zote nne kwa mkono. Yule mama akamshukuru Mzee.

Zamu yake ilipofika, saa nzima ilikuwa imepita.

"Mzee, si wewe uliyeniambia nisiende mahakamani? Ulisema ni karatasi tu, nisipoteze siku ya kazi, tutaelewana hapa hapa."

"Nilisema. Nilikuonea huruma."

"Sasa nimehukumiwa."

"Hata mimi nimeshangaa. Mambo haya yakishafika kwa wakili ndiyo basi tena. Mimi moyoni nilishakusamehe, ni wakili ndiye hasamehi."

"Basi mwambie wakili nimeshalipa laki mbili. Nilikupa mkononi, mara nne, elfu hamsini hamsini."

"Risiti unazo?"

"Ulisema sisi watu wa nyumbani, risiti ya nini."

"Ni kweli sisi watu wa nyumbani," Mzee alisema, akaukunja mkono wa shati polepole. "Lakini hakimu si mtu wa nyumbani, binti yangu."

"Na mapazia je? Nilikushonea nyumba nzima, madirisha kumi na moja. Ulisema tutakata kwenye deni."

"Yale mapazia nilidhani ni shukrani." Akamtazama kwa huzuni, huzuni ya kweli, kama aliyevunjiwa heshima na mtoto aliyemlea mwenyewe. Hapo ndipo Fundi alipomchukia. Kudhulumiwa mtu anaweza kuzoea, lakini kudhulumiwa kisha aliyekudhulumu ndiye awe wa kubembelezwa, hilo linahitaji roho ngumu.

Alipoinuka, Mzee akamtilia kwenye mfuko vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye majora. "Washonee watoto," akasema. Fundi alitaka kuvitupa pale pale sakafuni. Lakini vilikuwa vipande vizuri, na wanawe pacha walikuwa wamebakiza kaptura moja moja. Akavichukua. Njia nzima akavichukia, na hakuvitupa.

*

"Twende mahakamani tukaulize," mumewe alisema jioni. "Kuna karani pale, kazi yake ni kueleza watu."

"Umeshamwona nani akaenda kuuliza mahakamani akarudi na jibu?"

"Hata kama. Nauli ya kwenda na kurudi si pesa nyingi."

"Nauli, na siku nzima ya kazi. Mashati sitini yanatakiwa mwisho wa mwezi, Baba Pacha. Hiyo ndiyo pesa pekee tunayoiona mbele yetu. Bila cherehani, mashati hayashoneki. Bila mashati, tunakula nini? Nikuulize wewe."

Mumewe akainamia fimbo yake. Tangu aache kazi ghalani, kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kupiga pasi, na mtu wa vifungo hana sauti kubwa kwenye baraza la nyumba.

"Kochi wachukue," Fundi aliendelea. "Televisheni wachukue, tulikuwa tunaitazama na njaa zetu. Cherehani hawaipati. Nitaipeleka kwa wifi."

"Kwa dada yangu?"

"Kwani una dada mwingine?"

Mumewe aliizungusha fimbo mkononi. "Dada tuna deni lake pia. Laki moja na nusu."

"Lile ni la ndugu. Ndugu hana dalali."

Basi siku ya sita, asubuhi kweupe, akamwita mwenye mkokoteni. Waliifunika cherehani kwa shuka, wakaifunga kamba, na kwa namna kichwa chake kilivyotokeza chini ya shuka, jirani wa mlango wa pili aliyekuwa anafagia akasimama akauliza, "Mgonjwa?"

"Mgonjwa," Fundi akajibu.

"Mungu atamponya," jirani akasema, akaendelea kufagia. Mtaa mzima ulikuwa umeshasikia habari ya hukumu, na mtaa mzima uliona miguu ya chuma ikining'inia chini ya shuka. Hakuna aliyeuliza zaidi, na hiyo ilikuwa heshima yao kwake.

Wifi alikaa mitaa miwili mbele, nyumba ya saruji yenye baraza. Aliwapokea kwa mikono miwili. Akasogeza meza, akaiweka cherehani sebuleni kwake, mahali pazuri, akaifunika kitambaa cheupe cha kufuma.

"Hapa iko salama kuliko kwako," alisema. "Wewe nenda, usiwe na wasiwasi wowote, wifi yangu."

*

Siku ya nane dalali alikuja na gari na wapagazi wawili. Alisalimia, akavua viatu mlangoni. Kisha akaanza kuandika: kochi la watu watatu, moja. Viti vyake, viwili. Televisheni, redio, kabati la vyombo, baiskeli. Kila alichokiandika kilibebwa. Wapagazi walikuwa waangalifu, na kochi lilipokwama mlangoni mmoja wao akamwomba Fundi ushauri, naye akawaonyesha jinsi ya kuliinamisha, maana ndivyo lilivyoingia. Nje majirani walikuwa wamesimama, mikono kifuani, wakitazama kando kila Fundi alipowatazama.

Dalali akafika dirishani. Sakafuni palikuwa na alama nne za miguu ya chuma, doa la mafuta, na vipande vya nyuzi vya miaka.

"Cherehani iko wapi?"

"Niliuza," Fundi alisema.

"Lini?"

"Juzi."

Dalali aligeukia mlangoni. "Ni kweli aliuza?"

Jirani wa mlango wa pili, yule wa ufagio, akajitokeza mbele. Alikuwa mtu mwema, na alitaka kusaidia. "Tulishuhudia wote," akasema. "Ilitoka na mkokoteni. Mwenye kununua ni mwanamke mmoja wa mtaa wa mbele." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Dalali akaandika kwamba mdaiwa amesema cherehani ameshaiuza, majirani wamethibitisha, akampa Fundi kalamu. Fundi akatia saini. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hodi tatu alijiona mjanja.

Mpagazi mmoja alinyanyua pasi ya mkaa. "Hii je, bosi?"

"Hiyo iache. Ya kazi."

Fundi akaitazama pasi ikirudishwa juu ya kigoda. Akatazama sufuria zake, hazijaguswa. Kitanda kilikuwa kimesimama palepale.

"Pasi unaiacha?" akauliza.

"Kifaa cha fundi hatukigusi, mama. Vitanda, sufuria, nguo za kuvaa, na chombo cha kumpa fundi riziki, sheria imetukataza. Mdaiwa akinyang'anywa hivyo atalipa na nini?" Dalali alifunga daftari lake. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa pole msibani. "Cherehani yako ningeipita hivi hivi. Umeharakisha kuuza. Tuliwaandikia yote."

Fundi alitaka kukaa, lakini cha kukalia hakikuwepo. Akaegemea ukuta. Mumewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, akaitazama sakafu, wala hakusema "nilikuambia." Afadhali angesema.

*

Walikwenda kwa wifi siku hiyo hiyo, gari la dalali halijafika mbali. Wifi aliwakaribisha sebuleni, akawapa maji ya kunywa. Cherehani ilikuwa mahali pake chini ya kitambaa cheupe, na sasa juu yake palikuwa na picha ya wifi mwenyewe katika fremu.

"Wifi, mambo yamekwisha," Fundi alisema. "Kumbe hawaigusi. Nimekuja na mwenye mkokoteni, yuko nje."

"Cherehani gani?"

Fundi alicheka kidogo, kwa sababu wifi alikuwa na mazoea ya utani. Wifi hakucheka.

"Si umeuza?" aliendelea. "Habari zimefika hapa kabla yako. Umetia saini kwa mkono wako, majirani wakashuhudia. Sasa kama uliuza, uliniuzia mimi, maana iko kwangu. Au unataka niende kwa dalali nikamwambie umemdanganya?"

"Wifi, unajua kabisa kwamba sikuuza."

"Najua. Najua pia kwamba laki moja na nusu yangu ina miaka miwili. Mzee wa Vitambaa amebebewa makochi na kabati. Mwenye duka la unga unampunguzia deni kila Jumamosi, nimewaona. Mimi kila nikiuliza naambiwa ndugu, ndugu. Nile udugu?" Sauti yake haikupanda. "Wenye karatasi wanalipwa. Mimi sikuandikishana na nyie, nikaona aibu. Sasa karatasi imekuja yenyewe."

"Dada," mumewe Fundi alisema. Alikuwa hajakaa. "Dada, ile ndiyo mikono yetu."

Wifi akamgeukia. Ilionekana kwamba neno hili lilimuuma hata yeye, lakini alikuwa ameliandaa siku nyingi.

"Na huo mguu unaousimamia hapa, mdogo wangu, kipande chake nani alilipia?"

Mumewe Fundi akautazama mguu wake kana kwamba ndio kwanza anauona. Kisha akatoka nje, fimbo ikigonga saruji, akamlipa mwenye mkokoteni pesa ya kutobeba kitu.

Wanawake wale wawili walibaki na cherehani kati yao. Wifi ndiye aliyeanza tena, na sasa kwa upole, maana aliyeshinda huwa na nafasi ya upole.

"Mimi si mtu mbaya. Mashati ya watu usiyaache. Njoo ushonee hapa barazani, kila siku, mimi sitakuzuia. Kwa kila shati utanipa theluthi. Laki na nusu ikiisha, tutakaa tuzungumze."

"Na cherehani?"

"Nimesema tutazungumza."

Fundi aliijua hesabu ya "tutazungumza." Alikuwa amefundishwa na mtu mwenye mita ya mbao, na ada alikuwa ameilipa leo asubuhi, kochi zima. Akataka risiti. Alisema hivyo hivyo: "Basi kila theluthi uniandikie risiti, wifi."

"Sisi kwa sisi?" wifi akasema, naye akaonekana ameumia.

*

Jumatatu alikuja na mfuko wake asubuhi. Cherehani ilikuwa imeburutwa hadi barazani, kitambaa cheupe kimekunjwa pembeni. Alipoketi, kanyagio likaujua mguu wake mara moja, na hilo lilimfanya atake kulia kuliko yote yaliyopita. Hakulia. Watu walikuwa wanapita njiani, baadhi wateja wake, wakamsalimia kwa kusitasita wasijue kama yuko kwake au kwa watu.

"Umehamia hapa, Fundi?" mmoja akauliza.

"Amekuja kunisaidia kazi," wifi akajibu kutoka ndani.

Mashati kumi na tisa yalikuwa tayari. Yalibaki arobaini na moja, na yote hayana kola. Alitandaza kitambaa cha mashati juu ya meza ya cherehani, akatoa futi, chaki, pini, akapapasa chini ya mfuko akakitoa kile kigezo cha kola yenye ncha. Kilikuwa kimeanza kuchafuka ukingoni. Alikipigapiga kwenye paja kutoa vumbi la chaki, na kikageuka.

Hakuwa amekiangalia upande ule tangu siku alipokikata. Herufi zilikuwa ndogo, zimebanana, na mkasi ulikuwa umepita katikati ya maneno mengine bila kuyahurumia. Mistari mitatu tu ilibaki mizima kwenye upana wa kola. Alisogeza karatasi kwenye mwanga akasoma polepole, midomo ikicheza, mpaka mwisho, kama ambavyo hakusoma siku ile.

*...nguo za kuvaa za mdaiwa na watoto wake, vitanda na vyombo vya kupikia, pamoja na vifaa vya fundi vitakavyokutwa mahali pake pa kazi, HAVITAKAMATWA. Mdaiwa asiyeridhika na hukumu iliyotolewa bila yeye kuwepo anaweza kuomba isikilizwe upya ndani ya siku...*

Baada ya neno "siku" palikuwa na ncha ya kola, na hewa.

Kipande kilichobeba hiyo idadi ya siku alikuwa amekitupa kwenye taka, na taka zilikwisha kuchomwa. Labda zilikuwa siku tano, labda thelathini. Labda bado zilikuwepo, na mumewe angeweza kwenda kumuuliza yule karani. Akafikiria nauli. Akakumbuka kwamba alikuwa amesaini mbele ya majirani wote kwamba ameuza, na kwamba karani naye angeanza kwa kuomba karatasi zote mbili.

"Unasoma nini wewe, kazi inasubiri?" Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Kola," Fundi akasema.

Akakigeuza kigezo, maandishi yakaelekea chini. Akakilaza juu ya kitambaa, akakipiga pini nne, moja kila ncha, akapitisha chaki pembeni yake. Kilikuwa kigezo kizuri, hakikujikunja hata kidogo. Akachukua mkasi akaanza kukata, ya kwanza kati ya arobaini na moja.